Miguu yangu ilikua inalala saa kumi na moja alfajiri

Saa saba usiku, mtaa mzima umelala, mimi nipo kwenye cherehani nakanyaga. Sishoni kitu. Nimelegeza ile parafujo ya gurudumu la pembeni kama unavyofanya ukitaka kujaza uzi kwenye bobini, kwa hiyo sindano haipandi wala haishuki, ni kanyagio tu na mkanda vinazunguka, na mimi nimelaza kichwa juu ya meza ya cherehani nimefumba macho nasubiri miguu inyamaze. Nikiacha kukanyaga hazipiti dakika mbili inaanza upya. Hivyo ndo nilivyoishi karibu miaka minne na sikua na jina la kuuita ule ugonjwa, kumbe unaitwa ugonjwa wa miguu isiyotulia.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, nina miaka 52, sukari niligundulika nayo 2014, hii aina ya pili. Nilianza na metformini na mpaka leo naitumia, baadae wakaniongezea na kidonge kingine. Naandika haya kwa sababu siku za kliniki nikikaa pale kwenye benchi nasikia akina mama na wababa wenzangu wote tunalo neno moja tu, "miguu". Miguu inanisumbua daktari. Daktari anaandika, tunapewa dawa, tunaondoka, na kumbe ndani ya hilo neno miguu kuna magonjwa mawili matatu tofauti kabisa, na dawa inayosaidia moja inaweza ikachochea lingine. Mimi hilo ndo lililonikuta.

Ngoja kwanza nieleze inavyokua, maana hapa ndo penye kazi. Sio maumivu. Watu wakiniuliza inauma wapi nilikua nashindwa kujibu maana hakuna sehemu naweza nikaweka kidole nikasema hapa. Ni kitu kipo ndani, kwenye shavu la mguu, ndani zaidi ya nyama, kama vile wadudu wanatambaa kwenye mfupa, siku nyingine kama soda inachemka. Mafundi wenzangu wataelewa nikisema hivi: unajua ukitaka kutoa marinda unashona mshono mlegevu alafu unavuta uzi mmoja kitambaa chote kinajikusanya, basi ni kama kuna mtu anavuta ule uzi ndani ya mguu wangu taratibu, anavuta anavuta, na usiponyoosha mguu au kuurusha unahisi utapiga kelele. Ukiurusha uzi unakatika, unapata raha sekunde kumi, ishirini, alafu anaanza kuvuta tena.

Na inakuja kwa saa. Mchana nikiwa na kazi sina habari nayo. Magharibi ikiingia naanza kuhisi kwa mbali, baada ya isha nikikaa tu kwenye kochi niangalie taarifa ya habari imeshafika, na nikipanda kitandani ndo balaa lenyewe. Saa nne, saa tano, saa sita, natembea ukumbini kwenda na kurudi, naegemea ukuta, nasimama jikoni miguu peku kwenye sakafu ya baridi. Mume wangu anasema hata nikibahatika kusinzia mguu unaruka wenyewe, unatulia kidogo, unaruka tena, kama mtu anayepiga teke kwa mpangilio. Ilibidi ahamie chumba cha watoto, na mimi niliumia sana moyoni kwa hilo ingawa yeye hakulalamika hata siku moja. Alafu ikikaribia adhana ya alfajiri, saa kumi, kumi na moja, miguu inatulia kabisa kama taa iliyozimwa. Muda huo ndo wa kuamka.

Sasa kila mtu alikua na lake la kusema. Shangazi yangu alisema nimekanyaga kitu nilichotegewa, maana mimi nina duka la ushonaji pale barabarani na biashara ilikua inaenda vizuri. Sikumkatalia kwa sababu usiku wa tatu hujalala utakubali chochote. Tukasoma dua, na dua mimi naamini na siachi, lakini miguu iliendelea. Jirani akaniambia ni baridi yabisi. Mwingine akaniambia ni sukari imeshuka miguuni, kwa hiyo nipunguze wali, nikapunguza wali.

Na mwingine akanishauri maji ya moto na chumvi, kila usiku, beseni mpaka chini ya goti. Hili nataka nilisimulie vizuri hata kama linaniuma. Maji ya moto yalikua yananipa nafuu kweli, ile joto inapoingia miguu inanyamaza, kwa hiyo kila siku nikawa naongeza moto kidogo. Usiku mmoja nimetia miguu kwenye beseni nimekaa raha mustarehe, binti yangu akapita akataka kunisogezea taulo akagusa maji kwa vidole akaruka akasema mama haya maji yanaunguza! Mimi nilikua sihisi. Kutoa mguu, ngozi ya juu ya kidole gumba na pembeni imeshabadilika rangi na kesho yake asubuhi ilikua imetoa malengelenge mawili makubwa. Mwenye sukari anajua kidonda cha mguu maana yake nini. Kile kidonda kilichukua wiki saba kupona, kwenda kusafishwa siku moja ndani siku moja nje, na wiki zote hizo nilikua nashona kwa mguu mmoja na roho ipo mkononi.

Lakini yale malengelenge ndo yaliyonipa jibu la kwanza. Kama mguu hausikii moto, basi mishipa ya fahamu imeshaguswa na sukari. Pale niliposafishiwa kidonda walinipima, unafumba macho wanakugusa chini ya nyayo na kiuzi kigumu cha plastiki, unasema umesikia au hujasikia, alafu wanagonga kile chuma chenye ncha mbili wanakiweka kwenye kidole gumba uone kama unahisi kinavyotetemeka. Vidoleni nilikua sisikii vizuri. Wakaniambia nina neva za miguu zimeharibika kwa sukari, nikapewa amitriptilini nimeze kila usiku. Na kweli, ile hali ya nyayo kuwaka moto na kuchomachoma ambayo nilikua nayo siku nyingi ilipungua, siwezi kusema uongo, ilipungua.

Ila ile ya kuvuta uzi ikawa mara mbili. Yaani nilikua naanza kukanyaga cherehani saa saba, nikawa naanza saa nne. Ikapanda mpaka mapajani. Na kinywa kimekauka, na kichwa kizito, usingizi upo machoni lakini miguu haitaki, sijui kama mnanielewa, mwili wote unadondoka kwa usingizi alafu miguu peke yake ipo macho. Nikaenda duka la dawa nikamwomba kijana kitu cha kulalia akanipa Piritoni, akasema zinaleta usingizi. Nikameza mbili. Ule usiku ndo usiku mbaya kuliko yote niliyowahi kuuona, nilitembea mpaka nikalia, saa tisa nimekaa chini ukumbini nimekumbatia miguu yangu mwenyewe naibana.

Nilirudi kliniki mara mbili, mara zote nikasema vile vile, daktari miguu bado inanisumbua. Mara ya kwanza wakaniongezea kiwango cha dawa ile ile. Simlaumu mtu, foleni ilikua watu wengi sana na mimi neno nililokua nalo ni lile moja. Mara ya pili nikakutana na daktari kijana, ana umri wa kijana wangu mkubwa, na huyu alifanya kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifanya, aliweka kalamu chini akaniuliza, "Mama, ukiinuka ukatembea, inakuaje?"

Nikamwambia inaisha.

"Inaisha kabisa au inapungua?"

Inaisha, ila nikikaa inarudi. Akaniuliza inaanza ukiwa umepumzika au ukiwa kazini. Nikamwambia nikipumzika. Mchana au usiku? Usiku. Na unahisi lazima uisogeze, yaani huwezi kujizuia? Nikasema mwanangu mimi usiku nakanyaga cherehani isiyo na nguo. Akanyamaza kidogo akaniangalia. Alafu akauliza nyumbani kwenu kuna mtu mwingine yupo hivyo.

Hapo ndo mwili ulinisisimka, maana nilimkumbuka mama yangu. Sisi tumekulia Muheza na kila usiku baada ya chakula mama alikua analala kifudifudi kwenye mkeka anatuita, njooni mnikanyage miguu. Tunapanda, tunashika ukuta, tunatembea taratibu juu ya mashavu ya miguu yake na mapaja, mimi na wadogo zangu kwa zamu, na akisema basi ujue amepitiwa na usingizi. Tulikua tunaona ni uchovu wa shamba. Kila mtoto wa nyumba zetu amemkanyaga mama au bibi yake, nani angefikiri ni ugonjwa? Lakini nikikumbuka vizuri, baba alikua analima lile lile shamba na hakuwahi kutuita.

Daktari akanieleza kuwa nina vitu viwili kwenye miguu ile ile. Kimoja ni neva kuharibika kwa sukari, hicho ndo kinachowaka moto, kinachotia ganzi, kinaanzia vidoleni kinapanda, na chenyewe hakijali umekaa au unatembea, kipo tu ingawa usiku kinazidi. Cha pili ni ugonjwa wa miguu isiyotulia. Huu ni wa kwake, unaanzia kwenye ubongo na uti wa mgongo, kuna kemikali inaitwa dopamini inayosaidia mwili kuratibu mienendo na madini ya chuma yanahitajika kuitengeneza, chuma kikipungua kwenye ubongo mambo yanaharibika, na jioni dopamini inashuka yenyewe kwa saa ya mwili ndo maana inakuja na giza. Watu wenye sukari aina ya pili wanaupata zaidi kuliko wasio na sukari, na wakati mwingine neva zikiharibika zinauchochea, kwa hiyo vinakuja pamoja na kimoja kinakificha kingine. Na sio kukaza msuli pia, msuli ukikaza unaugusa ni mgumu kama jiwe na unauma haswa, huu ukiugusa mguu ni laini tu.

Binti yangu alinisomea baadae kwenye simu kuwa kuna daktari Mwingereza anaitwa Thomas Willis aliandika habari za wagonjwa wa hivi tangu 1672, na Msweden Karl-Axel Ekbom ndo aliyeuandikia vizuri na kuupa jina 1945. Mimi hizo tarehe zilinipa nguvu. Miaka zaidi ya 300 watu wanazunguka usiku kama mimi, kwa hiyo sijatupiwa kitu na wala sijachanganyikiwa.

Sasa dawa. Kitu cha kwanza alichofanya sio kuniongezea dawa bali kuangalia nilizonazo. Akasema amitriptilini ni dawa nzuri kwa mishipa inayowaka lakini kwa mwenye miguu isiyotulia inaweza kuizidisha, na Piritoni nayo hivyo hivyo, na dawa nyingine za mafua na za mzio zinazoleta usingizi, na Fenagani, na hata ile ya kuzuia kutapika inaitwa metoklopramaidi ambayo wengi tunaijua kama Plasili. Nilikaa kimya maana nilikua nahesabu kichwani ni mara ngapi nimemeza Piritoni nipate kulala. Akanipunguzia amitriptilini kidogo kidogo, hakuikata siku moja, na nyie msiache dawa wenyewe kwa sababu mmesoma hapa, nendeni mkaulize. Akaniwekea pregabalini kiwango kidogo jioni, akasema hii inafanya kazi pande zote mbili, kwa moto wa neva na kwa miguu kutotulia. Ina mambo yake, inaleta kizunguzungu, inaweza kuvimbisha miguu na kuongeza uzito, na figo zikiwa mbovu lazima ipunguzwe, kwa hiyo kabla ya kunipa alinipima figo. Na figo alizipima kwa sababu nyingine pia, wenye figo zilizochoka, hasa wanaosafishwa damu, wanasumbuliwa sana na miguu hii, na sisi wa sukari figo zetu ndo za kuangaliwa mapema. Zangu Alhamdulillah zilikua salama.

Nilimuuliza mbona kuna mtu aliniambia kuna dawa za ugonjwa wa kutetemeka zinatibu hii. Akasema zipo, pramipeksoli na ropiniroli, zamani zilikua ndo za kwanza kupewa na mwanzoni zinafanya kazi vizuri sana, lakini ukikaa nazo muda mrefu zinaweza kugeuka, ugonjwa unaanza mapema zaidi, kutoka usiku unakuja alasiri, kutoka miguuni unahamia mikononi, na mgonjwa anaongeza dozi na ugonjwa unaongezeka. Kwa hiyo siku hizi haziwekwi mbele.

Alafu akaandika kipimo ambacho sikuwahi kukisikia, feritini. Nikamwambia damu yangu ipo sawa, nilipima ni 12. Akasema hiyo ni damu ya kutumia, mimi nataka kuona akiba ya chuma mwilini. Nikaelewa haraka maana duka langu ndo linaendeshwa hivyo, unaweza ukawa na vitambaa vya leo mezani wateja wasijue, kumbe stoo haina kitu. Kipimo chenyewe nililipia maabara ya binafsi. Majibu yakaja 16. Kwa maabara ile walisema ipo ndani ya kiwango, wameandika kawaida, na mimi nilitaka kurudi nyumbani nimekata tamaa. Daktari akasema kwa mtu mwingine sawa, ila kwa mwenye miguu hii tunataka ivuke 75. Naomba hili mliandike mahali. Mnaweza mkaambiwa kawaida na isiwe kawaida kwa ugonjwa huu.

Nilikua nimepoteza wapi chuma? Miaka mitano kabla ya hapo nilikua na uvimbe kwenye kizazi, hedhi siku tisa siku kumi, kanga juu ya kanga. Ilikoma yenyewe nilipofika 49 nikashukuru nikasahau, kumbe akiba ilikua imekwisha na haikurudi. Na kilichoizuia isirudi kilikua kwenye kikombe. Mimi ni mtu wa chai ya rangi. Asubuhi chai, saa nne chai na wateja, baada ya chakula cha mchana chai, jioni chai, na usiku nikikesha nachemsha chai ya tangawizi. Chai inashika chuma cha kwenye chakula isiingie mwilini, hasa ukiinywa pamoja na chakula, na kafeini yenyewe inaichokonoa miguu usiku. Nilikua nayakesha yale makesha na chai mkononi.

Akanipa vidonge vya damu, vile vile wanavyopewa wajawazito, akaniambia nimeze siku moja niruke siku moja maana mwili unavipokea vizuri zaidi hivyo, nimeze tumbo likiwa tupu na maji ya ndimu bila sukari, chai ikae mbali saa mbili kabla na baada. Choo kinakua cheusi, usiogope. Tumbo linafunga, kula mapapai na mboga za majani. Na akasisitiza sana, hivi vidonge havinunuliwi kwa kukisia, chuma kikizidi mwilini kinaharibu ini na moyo na hata kongosho lenyewe, na kuna watu kama wenye selimundu wanaoongezewa damu mara kwa mara ambao chuma chao kimejaa tayari. Pima kwanza. Vile vile akanipima vitamini B12 kwa sababu metformini ukiinywa miaka mingi inaweza kuipunguza, na B12 ikipungua nayo inaleta ganzi ya miguu ile ile tunayoisingizia sukari. Yangu ilikua chini kidogo, nikachomwa sindano.

Haikupona wiki hiyo. Nasema ukweli maana wengi tunaacha dawa hapa. Wiki ya kwanza baada ya kuanza kupunguza amitriptilini na kuanza pregabalini nilipata usiku mmoja wa kulala saa tano mfululizo nikaamka nikafikiri nimechelewa mahali, nilikua nimesahau hiyo hali. Alafu ikarudi siku mbili, ikatulia, ikarudi. Chuma kinachukua miezi. Baada ya miezi mitatu feritini ilikua 41, miezi sita 70 na kitu, mwaka jana mwishoni ikafika 88. Kadri namba inavyopanda nikawa nasahau lini mara ya mwisho nilikanyaga cherehani usiku.

Kingine ambacho hakuna aliyeniambia ni jinsi kukesha kunavyopandisha sukari. Nilikua nikipima asubuhi kabla ya kula nakuta 10, 11, siku nyingine 12, na jana yake nimekula dona na mchicha, nikawa nasemwa kliniki kuwa nakula vibaya. Usipolala mwili upo kwenye mfadhaiko, unatoa homoni zinazoifanya insulini ishindwe kazi yake na njaa inaongezeka. Na ukiwa macho saa tisa usiku utatafuta cha kutafuna, mimi nilikua nakula biskuti za watoto nimesimama. Alafu sukari ikiwa juu unakojoa usiku kucha, unaamka, ukiamka miguu inakudaka, yaani vinasukumana kama watu kwenye daladala. Nilipoanza kulala, bila kubadilisha dawa ya sukari, asubuhi nikaanza kuona 7 na nane. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kimetoka asilimia 9.1 mpaka 7.3.

Mambo madogo niliyojifunza mwenyewe. Kutembea baada ya chakula cha jioni dakika ishirini kunasaidia, kukimbia kimbia au kazi nzito saa nne usiku kunachokoza. Kuchua miguu kunasaidia, kukunja na kunyoosha nyayo kunasaidia. Maji ya vuguvugu sawa lakini yapimwe na kiwiko au apime mtu mwingine mwenye ngozi inayosikia, na msitie mguu kwanza, nawasihi. Kwenye basi la Dar nakaa kiti cha njiani nipate kunyoosha, na kazi ya mikono inanisaidia, natembea na uzi na sindano nadarizi kofia, akili ikishikwa na kitu miguu inapungua makelele. Mwezi wa Ramadhani niligundua tarawehe nasimama vizuri kabisa hata rakaa zote, ila darsa la baada yake nikikaa kwenye mkeka dakika kumi naanza kuhangaika, wenzangu wakawa wananiangalia, siku hizi nawaambia wazi nina ugonjwa wa miguu na nakaa nyuma nisimame nikitaka. Kufunga kwenyewe naongea na daktari kwanza kila mwaka.

Kwa hiyo ukienda kliniki, nakuomba usiseme miguu inauma ukanyamaza. Mwambie inaanza saa ngapi. Mwambie ukiwa umekaa au unatembea. Mwambie ukiinuka inakuaje. Mwambie kama ni moto, ganzi, msuli kukaza, au ni hamu ya kurusha mguu usiyoweza kuizuia, na kama una vyote mwambie vyote, kimoja kimoja. Peleka na dawa zote unazomeza ndani ya mfuko, hata za mafua ulizonunua dukani. Kama muda ni mdogo andika kwenye karatasi umpe asome.

Mama bado yupo Muheza, ana miaka 77, sukari hana. Nilikwenda mwezi uliopita. Usiku baada ya chakula akalala kwenye mkeka akamwita mjukuu aje amkanyage, yule mtoto akapanda akashika ukuta kama tulivyokua tunashika sisi. Nikakaa pembeni yake nikamuuliza kama nilivyoulizwa, mama ukiinuka ukatembea inakuaje? Akasema inaniacha. Inaanza lini? Akasema jua likizama, na ilikua mbaya kuliko zote alipokua na mimba zetu, na amezaa watoto saba, usiku alikua anatoka nje kuzunguka mnazi mpaka baba anaamka kumtafuta. Sikuwahi kuisikia hiyo habari. Nilimwambia Jumatatu asinywe chai asubuhi, tunakwenda mjini kutolewa damu kidogo. Akauliza ni kipimo cha nini, nikamwambia cha akiba. Mtoto alikua bado anamkanyaga, akamwambia, panda juu kidogo mjukuu wangu, hapo hapo.